Waraka na Filamu: Nusu Mbili za Kuonana

Methali isemayo "Waraka ni nusu ya kuonana" hutajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Anayeitaja aghalabu hukusudia kumhimiza ndugu yake aliye mbali aandike, basi. Lakini methali hii, ambayo inayo ya Kiarabu inayolingana nayo kwa maana, imebeba dai zito. Yasema kwamba kuonana kwaweza kugawanywa, na kwamba sehemu moja ya kuonana huko yaweza kutiwa katika karatasi, ikakunjwa, ikasafirishwa. Swali ambalo methali haikulijibu, kwa kuwa ilipotungwa halikuwapo, ni hili: nusu ya pili i wapi? Katika karne ya 19 ilipatikana njia ya kuichukua sura ya mtu na kuifunga juu ya bamba, na baadaye juu ya kioo, karatasi na filamu. Watu wa pwani yetu, kama watu wa kwingineko, walijifunza kutia picha ndani ya bahasha pamoja na barua. Nusu mbili zikakutana.

Leo zote mbili zimekuwa nadra. Makala haya yanakusudia kuzilinganisha sanaa hizi, yaani uandishi wa barua na upigaji wa picha kwa filamu, bila ya kuziombolezea. Maombolezo ya namna hiyo yamekwisha kuandikwa kwa wingi, na mengi yao yamejengwa juu ya dhana kwamba watu wa siku hizi ni wavivu au hawana subira. Dhana ambayo haimfai mwanahistoria hata kidogo. Tutakalolishikilia ni kwamba barua ya Kiswahili na picha ya studio zote zilikuwa sanaa za kanuni, na kwamba uzuri wake ulikuwa ndani ya kanuni hizo hizo ambazo msomaji wa leo huziona kuwa ni mazoea matupu. Kadhalika tutaonyesha mahali ambapo mlinganisho huu unavunjika, maana hapo ndipo penye hasara kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Umbo la waraka

Katika lugha nyingine barua ni tawi dogo la fasihi. Katika Kiswahili ni karibu na shina lenyewe la nathari. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yaliyosalia katika asili yake ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Barua hizo zimehifadhiwa Goa, katika Bara Hindi, uliokuwa mji mkuu wa himaya ya Wareno upande huu wa bahari. Mmoja wa walioandika ni mwanamke, Fatima binti Muhammad, malkia wa Kilwa. Yafaa tuzingatie ni kwa nini barua hizi tunazo. Tunazo kwa sababu zilitumwa. Zile zilizobaki majumbani kwetu zililiwa na mchwa na unyevu. Iliyovuka bahari ikaangukia mikononi mwa makarani wa kigeni ndiyo iliyosalimika. Tangu mwanzo, basi, historia ya nathari yetu imehifadhiwa na watu ambao barua hizo hazikuandikwa kwa ajili ya kuwafurahisha.

Mkusanyo mwingine mkubwa uliochapishwa ni ule wa Mjerumani Carl Gotthilf Büttner, uliotoka mwaka 1892, wenye barua na hati za Waswahili katika herufi za Kiarabu pamoja na tafsiri. Anayezisoma barua za karne ya 19 hatakosa kuona mpango wake. Hutangulia jina la Mwenyezi Mungu. Kisha sifa za mwandikiwa, moja baada ya nyingine, kwa maneno ya Kiarabu. Kisha salamu na dua. Kisha lile neno la kukata, *ama baadu*, linalofungua mlango wa habari. Habari yenyewe huja kwa Kiswahili, mara nyingi kwa mistari michache tu: deni fulani, shehena fulani, mgonjwa fulani amepona. Halafu salamu hurudi tena, za mwandishi na za watu wa nyumbani mwake, na mwisho tarehe na pengine jina la katibu.

Msomaji wa leo akiiona barua kama hiyo husema: mbona salamu ndefu na habari fupi? Akiitazama picha ya studio ya zamani husema: mbona hawacheki? Kwa hakika hili ni swali moja. Mabamba ya kwanza ya picha yalihitaji mtu atulie kwa muda, asitikisike, la sivyo sura ingetoka ukungu. Baadaye dawa zikawa nyepesi kushika mwanga na sharti lile likaondoka, lakini utulivu ukabaki, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuwa heshima. Mkono juu ya goti, mwingine juu ya kiti, kanzu imenyooshwa, nyuma pazia lililochorwa nguzo au bustani. Hivyo ndivyo mtu alivyotaka kufika mbele ya macho ya mtu mwingine, kama vile "janabi" na "mukarram" zilivyomfikisha mwandishi mlangoni kwa mwandikiwa kabla hajasema shida yake. Salamu hazikuwa kizuizi cha habari. Salamu zilikuwa habari ya kwanza, nayo ilikuwa habari ya hali ya udugu baina ya watu wawili. Aliyezoea kutajwa kwa sifa nne, siku akitajwa kwa moja, hakuhitaji kufika *ama baadu* ili ajue kuwa kuna jambo.

Hapa ndipo nadharia za barua zilizotungwa Ulaya zinapotupotosha. Tangu riwaya za barua za karne ya 18, kama ile *Pamela* ya Samuel Richardson ya mwaka 1740, wahakiki wa huko wameizoea barua kama chumba cha siri, mahali ambapo nafsi hujivua nguo. Wanafunzi wetu wakizimeza nadharia hizo nzima nzima huziona barua za Kiswahili kuwa ni baridi. Lakini barua ya Kiswahili kwa kawaida haikuwa ya watu wawili. Aliyeitaka barua mara nyingi hakuwa ndiye aliyeshika kalamu; alikaa mbele ya katibu akasema, naye katibu akayatia maneno katika umbo lake. Upande wa pili aliyepokea naye huenda alimtafuta msomaji, na barua ikasomwa kwa sauti mbele ya wenye nyumba. Ilikuwa na wasikilizaji. Vivyo hivyo picha ya studio: ilikuwa na mpigaji aliyejua jinsi shela linavyokaa na jinsi mzee anavyopaswa kuwekwa mbele ya vijana wake, kisha ilitundikwa sebuleni. Katibu na mpiga picha ni mafundi wa namna moja. Kila mmoja hukodiwa ili amfikishe mtu mahali asipoweza kufika mwenyewe.

Kuhusu muda. Kabla ya posta, barua ya Mombasa au Unguja iliyokuwa ikienda Maskati ilipanda chombo pamoja na pepo za kusi, na majibu yake yalirudi na kaskazi. Ina maana kwamba mazungumzo ya watu wawili yalikuwa na zamu moja kwa mwaka. Mwandishi alijua kwamba habari yake itakapofika itakuwa imechakaa: mgonjwa atakuwa amepona au amezikwa. Ndiyo maana barua za aina hii hazikimbilii matukio. Husema yale yatakayokuwa bado kweli baada ya miezi sita, yaani heshima, dua, na hesabu ya deni.

Herufi na chumba cha giza

Wapiga picha wetu husema "kusafisha" picha, na wengine husema "kuosha", kwa ile kazi ya kuitoa sura katika filamu kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Filamu iliyokwisha kupigwa na isiyosafishwa imebeba sura ambazo hakuna jicho lililoziona. Nathubutu kusema kwamba Kiswahili kina filamu nyingi za namna hiyo, nazo ni barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizomo katika visanduku vya watu ambao hawawezi kuzisoma.

Si kwamba herufi hizo zilikuwa ngumu kwa wenyewe. Ziliwataka wasomaji wanaoijua lugha na kumjua mwandishi. Kwa desturi ya zamani *e* na *i* ziliandikwa kwa alama moja, na *o* na *u* kwa alama moja. *P* ilitumia herufi ya *b*. Na *mb* nayo iliandikwa *b* tupu. Kwa kanuni hizo neno *pembe* na neno *bibi* yaliandikwa kwa sura moja. Mfanyabiashara wa bara aliyepokea barua ya kuulizwa habari za pembe hakutatizika, maana alijua anayemwandikia anauza nini. Msomaji alikamilisha. Mwandishi alipeleka kivuli, na msomaji, kwa ujuzi wake wa watu na mambo, akakirudishia mwanga. Namuomba msomaji asinishike sana kwa tashbihi hii, lakini negativu ya picha, ambamo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, nayo yataka mtu wa pili wa kuigeuza.

Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa herufi za Kirumi. Shule za misheni na za serikali zikafuata. Na ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, usanifishaji wote ulikuwa wa herufi hizo. Sisemi kwamba uamuzi huo haukuwa na faida. Tusingekuwa na jarida hili pasipo huo. Lakini matokeo yake katika familia nyingi za pwani yalikuwa kwamba babu aliandika na mjukuu hasomi, ingawa wote wawili walizungumza lugha moja. Picha ya babu huyo huyo, iliyopigwa siku hizo hizo, mjukuu huitambua mara moja. Hii ndiyo tofauti ya kwanza baina ya nusu mbili za kuonana: sura haihitaji alifabeti.

Bali sura nayo ina upofu wake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu Coutinho, zilipiga picha nyingi za watu wa pwani, na baadhi ya picha hizo zikachapwa kuwa kadi za posta zilizonunuliwa na wasafiri. Kadi ya posta ni barua na picha katika kipande kimoja. Lakini tazama jinsi kazi zilivyogawanywa. Upande mmoja mwanamke amesimama na leso zake, na chini yake pameandikwa jina la kabila au "uzuri wa Kiswahili" au neno la namna hiyo. Upande wa pili mgeni amesaini jina lake kamili na la nduguye aliye Ulaya. Aliyeandika ana jina; aliyepigwa hana. Wako wanaodhani kwamba picha imetuhifadhia watu hao. Imetuhifadhia nyuso. Waraka ndio unaohifadhi majina, na wale wanawake hawakupewa waraka.

Binti wa Sayyid Said

Mtu mmoja anaweza kutuonyesha nusu zote mbili zikiwa zimetengana, naye ni Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kufa Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akijulikana huko kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aeleza kwamba wasichana wa nyumba yao walifundishwa kuisoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya wizi ilitumika upesi. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumpindua ndugu yao mwingine, Majid, wanawake waliomuunga mkono Barghash walihitaji mtu wa kuandika barua. Salme akawa katibu wa njama akiwa msichana wa takriban miaka kumi na mitano. Njama ilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay.

Nimelikumbuka jambo hili si kwa sababu ya siasa yake. Nimelikumbuka kwa kuwa laonyesha kwa nini kalamu ilinyimwa wanawake: anayesoma hupokea, anayeandika hutuma. Na pia laonyesha jinsi ukatibu ulivyokuwa mzigo. Mkono ulioandika ulihesabiwa kuwa umetenda.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1870 akafiwa na mumewe akiwa na watoto wadogo. Kutokana na miaka yake ya mwanzo ya Hamburg ipo picha yake mashuhuri, iliyopigwa studio, akiwa amevaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi sana, na watu huitumia kana kwamba ni picha ya Unguja. Sivyo. Mwanga ule ni wa Hamburg, na mwanamke yule, aliposhuka ngazi za studio, alirudi katika nguo za Kizungu alizokuwa amelazimika kuzizoea. Alijivika kwao ili aonekane na nani? Watu wa nyumbani hawakuhitaji kuonyeshwa vazi hilo. Waliolihitaji ni Wajerumani, na pengine yeye mwenyewe.

Aliacha pia maandishi mengine ambayo hayakutoka alipokuwa hai, nayo yanaitwa barua za kwenda nyumbani. Yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993. Yametungwa kama barua kwa rafiki wa Unguja ambaye hatajwi jina, nayo yaeleza baridi, upweke, lugha ngumu, na jinsi watu walivyomtazama. Lakini yameandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki wa Unguja wa zama zile asingeweza kuisoma. Hizi ni barua zenye salamu zote za barua, zisizokuwa na anuani. Naona kwamba mtu aliyejifunza kuandika kwa kunakili juu ya mfupa, akawaandikia wengine barua zilizokaribia kuipindua dola, alipofika kwenye majonzi yake mwenyewe hakupata umbo lililo bora kuliko barua, hata pale ambapo barua haikuwa na pa kwenda. Wahakiki wetu, ambao mara nyingi huanza historia ya nathari ya kisasa kwa riwaya, wangefaa waitazame habari hii kwa muda zaidi.

Barua juu ya filamu

Zipo nyakati mbili ambapo barua na filamu zilikuwa kitu kimoja kwa maana halisi. Ya kwanza ni mazingiwa ya Paris, kuanzia Septemba 1870 hadi Januari 1871. Jeshi la Prussia lilipouzunguka mji, Mfaransa René Dagron alipiga picha ya barua nyingi kwa pamoja, akazipunguza hata zikaenea juu ya vipande vyepesi vya utando, navyo vikafungwa kwenye mkia wa njiwa. Mjini vipande viliangazwa ukutani kwa taa, makarani wakanakili kwa mkono, na nakala zikapelekwa kwa wenyewe. Ya pili ni Vita Kuu ya Pili: tangu 1941 hadi 1945 Uingereza na majeshi yake walitumia njia ambayo barua iliandikwa juu ya fomu ya upande mmoja, ikapigwa picha, filamu ikapakiwa katika ndege, na huko ilikofika ikachapwa kwa udogo juu ya karatasi. Karatasi ya asili haikusafiri. Aliyepokea alipata picha ya mwandiko.

Nayataja haya kwa sababu yanaondoa kosa moja, kwamba barua ilikuwa ni karatasi iliyoguswa na mkono wa mpendwa, na kwamba hilo ndilo tulilopoteza. Mke wa askari aliyepokea kipande kile hakuambiwa kwamba si barua. Iliendelea kuwa barua kwa kuwa ilikuwa na kikomo, ilikuwa na tarehe, ilikawia, na ilimtarajia mtu mmoja. Hata kamera ya Kodak ya mwaka 1888 iliyouzwa kwa watu wa kawaida ilikuwa na tabia ya barua: ilitiwa filamu ya picha 100, na zikiisha, mwenyewe aliituma kamera nzima kiwandani Rochester, ikarudishwa na picha zake pamoja na filamu mpya.

Kwetu Kenya nusu ya pili ya karne ya 20 ndiyo iliyokuwa wakati wa watu wengi. Barua haikuletwa nyumbani. Iliingia katika sanduku la posta la shule, la kanisa au la mwenye duka, ikakaa hapo hadi jina lake liitwe. Picha nayo ilingoja kwa namna yake. Filamu ya kamera ndogo ilikuwa na picha 36, na mpiga picha wa mtaani hakuwa radhi kuikata kabla haijaisha. Aliyepigwa wa kwanza siku ya Idi au ya Krismasi alingoja wageni thelathini na watano wampate, ndipo filamu ipelekwe mjini. Studio kubwa, kama ile ya Parekh mjini Mombasa iliyoanza kazi katika miaka ya 1940, au Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930, zilikuwa na chumba chake cha giza na ghala lake la negativu. Picha iliyotoka humo ilitiwa katika bahasha, na nyuma yake pakaandikwa kwa kalamu ya wino: "Ukumbusho", jina, mahali, tarehe. Maandishi hayo ya nyuma ya picha ndiyo barua fupi kuliko zote katika Kiswahili, na sijui msomi aliyeyakusanya.

Kilichoziondoa

Wenye kulaumu vijana wangetazama kwanza kilichokuwa kikilipa nauli ya barua. Barua ya Mkenya wa miaka ya 1970 au 1980 ilibeba mambo matatu: habari ya haraka, fedha, na salamu. Habari ya haraka ilichukuliwa na simu. Fedha, ambazo zilikwenda kwa hawala ya posta au kwa noti iliyokunjwa ndani ya karatasi, zilichukuliwa na M-Pesa tangu mwaka 2007. Zikabaki salamu peke yake, na salamu peke yake hazikuweza kununua stempu. Hayo ndiyo maelezo yote. Hayahitaji kuporomoka kwa maadili. Mambo haya si ya kwetu tu. Nchini Denmark, ambako posta ilianza mwaka 1624, shirika la posta liliacha kupeleka barua mwishoni mwa Desemba 2025, likabaki na vifurushi.

Filamu ilikufa kwa njia nyingine. Kamera ya kidijitali ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1975 ndani ya kampuni ya Kodak yenyewe. Mwaka 2009 kampuni hiyo iliacha kutengeneza filamu ya rangi ya Kodachrome iliyokuwa ikiuzwa tangu 1935. Na mwaka 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Studio zetu zilibadilisha mitambo au zikafunga.

Lakini filamu imerudi. Si kwa wingi wa zamani, ila inatengenezwa na kuuzwa, na vijana ambao hawakuwahi kuiona nyumbani kwao wanaitafuta. Barua haikurudi hivyo. Mpiga picha mmoja aweza kuifufua filamu peke yake, akapiga mti, akaisafisha, akaridhika. Barua haifufuliwi na mtu mmoja. Yahitaji mwingine anayejua kwamba amesalimiwa, anayejua kwamba ni zamu yake, na anayekubali kungoja. Filamu ilikuwa chombo, na barua ilikuwa mapatano. Chombo huuzwa dukani.

Palipobaki barua ni mtihanini. Katika KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na hata katika KCSE, barua ya kirafiki imekuwa swali la insha: anuani upande wa kulia, tarehe, "Kwako mpendwa", salamu, dhumuni, hitimisho. Kizazi cha mwandishi wa makala haya kilijifunza umbo hilo lote, na wengi wetu hatukupata kulituma kwa mtu. Mtahini hutoa alama kwa muundo. Rafiki anayeandikiwa hayupo, stempu haipo, jibu halitarajiwi. Ni kama kufundishwa kushika kamera isiyo na filamu ndani yake, kwa ustadi na kwa miaka minane.

Kuna kazi ya haraka, nayo haingoji nadharia. Filamu nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa katika joto na unyevu huoza kwa kutoa asidi ya siki. Anayefungua kopo la negativu katika mji wa pwani akapokelewa na harufu hiyo anajua kwamba zimekwisha kuanza kupinda na kusinyaa, na kwamba mvuke wa hizo utaziambukiza zilizo karibu nazo. Ziondolewe, zinakiliwe mapema, ziwekwe mahali pakavu na pa baridi. Barua za herufi za Kiarabu hazinuki, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Idara zetu za lugha hutuma wanafunzi kila mwaka kukusanya methali na ngano. Wangeweza pia kutumwa na daftari katika nyumba zenye visanduku, wakakaa na wazee ambao bado wanasoma mwandiko huo, wakaandika barua moja moja kwa herufi za Kirumi pamoja na jina la aliyeandika, aliyeandikiwa na katibu. Picha zikiwamo, zigeuzwe kwanza, zinakiliwe maneno yaliyo nyuma kabla wino haujafifia, na pale pasipo na maneno aulizwe mwenye nyumba jina la kila aliyesimama, kuanzia kushoto.